Tope, Magadi na Klorini: Kusawazisha Maji ya Nyumbani

Leo tutazungumza juu ya maji ya kunywa, na hasa maji ya lambo, ya kisima na ya mchanga wa mto, kama yachotwavyo Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega. Kiongozi wa kikundi aweke mbele yake ndoo moja ya lita 20, chupa tano safi za lita moja, na bomba la sindano jipya. Bomba liwe jipya kabisa. Lililokwisha kutumika halifai hata likichemshwa.

Baadhi yenu mmefika Mwanza au Dar es Salaam mkaona bwawa la kuogelea la hoteli. Maji yake ni ya samawati, na sarafu ikianguka chini kabisa waiona. Mtu hudhani maji yale yametoka mahali penginepo pazuri. La. Mengi ni maji ya bomba tu, na yakiachwa wiki mbili bila kuangaliwa hugeuka kijani na kutoa harufu kama lambo lolote. Yanabaki safi kwa sababu mtunzaji wa bwawa huangalia mambo matatu kila siku: maji yasiwe na vumbi wala tope, yasiwe machachu mno wala ya magadi mno, na klorini iwemo kwa kipimo. Kimoja kikiharibika, viwili vilivyobaki havifanyi kazi. Huko ndiko kusawazisha maji. Sisi hatuna mabwawa ya kuogelea nyumbani, lakini tuna ndoo na mtungi, na sheria ya ndoo ni ile ile ya bwawa.

Naona mara nyingi kwamba tunafundishwa jambo la tatu peke yake. Mwishoni mwa mwaka 2023 na mwanzoni mwa 2024 kipindupindu kilipita katika Kanda ya Ziwa, na Mkoa wa Simiyu ulikuwa miongoni mwa mikoa iliyopatwa. Nyakati kama hizo watu huambiwa, “Tieni dawa katika maji.” Ushauri ni mwema, lakini ni nusu ya ushauri. Mama akichota maji ya lambo yenye rangi ya chai ya maziwa, akatia kidonge kimoja, akafunika, akangoja nusu saa kama alivyoagizwa, huenda akawapa watoto maji yasiyo na dawa hata kidogo. Kidonge hakikuwa kibovu, wala mama hakukosea kuhesabu. Dawa imeliwa na tope.

Tueleze jambo hili vizuri, maana hapa ndipo penye kiini cha somo.

Udongo wa mbuga zetu ni mweusi na laini. Ukikauka hupasuka; ukilowa hunata miguuni. Mvua ikinyesha, maji yanayoteremka kuelekea lambo huchukua chembe ndogo mno za udongo huo, pamoja na samadi, majani yaliyooza na uchafu wa watu. Chembe hizo ni nyepesi hivi kwamba hata ukiyaacha maji usiku kucha hazituami zote. Tena kila chembe ina chaji ya umeme ya aina moja na mwenzake, nazo husukumana kama ng'ombe wawili wasiopatana. Kwa hiyo hazishikamani wala haziwi nzito.

Klorini nayo haichagui. Ikiingia majini hushambulia kila kitu chenye asili ya uhai, iwe ni kijidudu cha kipindupindu, iwe ni jani lililooza au samadi. Samadi ikiwa nyingi, klorini huisha kabla ya kumfikia adui. Na vijidudu vingine hujificha ndani ya vibonge vya tope, dawa isiwafikie. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani lataka maji yawe maangavu kwanza, kisha yakae na klorini dakika 30 au zaidi, na mwisho wa dakika hizo ibaki klorini ya nusu miligramu katika kila lita. Neno la kushika ni hilo “ibaki.” Kiasi ulichotia ni jambo moja, kilichobaki ni jambo jingine.

Basi tuanze na tope.

Njia ya kwanza haina gharama. Chukua kitenge au kanga ya zamani iliyofuliwa, ikunje mara nne hata sita, uyachuje maji. Msiidharau. Huko Bangladesh wanawake wa vijijini walifundishwa kuchuja kwa nguo ya sari ya zamani iliyokunjwa hivyo, na matokeo yaliyotangazwa mwaka 2003 yalionyesha kwamba kipindupindu kilipungua kwa asilimia 48 katika vijiji vile. Sababu yake ni kwamba vijidudu vya kipindupindu hupenda kujishika juu ya wadudu wadogo wa majini, na nguo huwazuia wadudu hao. Lakini nguo haizuii udongo wa mbuga.

Kwa udongo huo twahitaji shabu, lile jiwe jeupe ambalo vinyozi hupaka kidevuni baada ya kunyoa. Shabu ikiyeyuka majini huondoa ile chaji inayozifanya chembe zisukumane. Chembe hushikana, huwa kama mabonge ya pamba, nayo huzama. Shida ni kipimo. Shabu kidogo mno haifanyi kazi. Shabu nyingi mno huacha maji machachu na yenye madini yasiyotakiwa. Na kipimo cha lambo la Februari si kipimo cha lambo hilo hilo la Julai. Kwa hiyo sitawapa namba moja ya kukariri. Nitawapa njia ya kuitafuta wenyewe, na ndiyo njia waitumiayo mafundi wa mitambo mikubwa ya maji.

Saga shabu iwe unga. Pima gramu 10, ambazo ni karibu vijiko viwili vya chai vilivyosawazishwa kwa kisu, uziyeyushe katika lita moja ya maji maangavu. Hiyo ndiyo shabu-maji yako. Sasa jaza zile chupa tano maji ya lambo. Katika chupa ya kwanza tia mililita 2 za shabu-maji, ya pili mililita 4, ya tatu 6, ya nne 8, ya tano 10. Tikisa kila chupa kwa nguvu dakika moja, kisha izungushe polepole dakika tano hivi, kama mtu abembelezaye mtoto. Huo upole una maana, maana mabonge yanaundwa wakati huo, na ukitikisa kwa nguvu utayavunja. Ziweke chini nusu saa mpaka saa nzima, uzitazame.

Utaona chupa moja au mbili zimetakata juu na matope yamelala chini. Chagua ile yenye shabu chache kuliko zote zilizotakata. Ikiwa ni ya mililita 6, basi ndoo ya lita 20 yahitaji mara ishirini, yaani mililita 120. Andika namba hiyo ukutani kwa mkaa. Mvua ikibadilika, rudia jaribio. Maji yakishatuama, yamimine polepole katika ndoo nyingine kupitia kitambaa, na tope la chini ulimwage mbali na kisima.

Huenda mtu akauliza juu ya mlonge. Swali zuri. Wanawake wa Sudani wa kandokando ya mto Naili wametumia mbegu za mti huo tangu zamani, na katika miaka ya 1970 na 1980 mtaalamu Samia Al Azharia Jahn aliichunguza kazi yao kwa makini akaonyesha kwamba mbegu zile zinafanya kazi ya shabu kweli. Menya mbegu, uitwange, uikoroge katika maji kidogo, uyachuje, umimine: mbegu moja mpaka mbili kwa kila lita ya maji yenye tope jingi. Uzuri wake ni kwamba mlonge hauyafanyi maji kuwa machachu. Ubaya wake ni kwamba huacha chakula cha vijidudu majini, hivyo maji hayo yasilale zaidi ya siku moja. Mwenye mti wa mlonge uani ana hazina, lakini asiache klorini.

Sasa jambo la pili, uchachu na umagadi. Hili ndilo lisilosemwa, pengine kwa sababu halionekani kwa macho.

Wataalamu hupima jambo hili kwa kipimo kiitwacho pH, alichokibuni mwanasayansi wa Denmark, Søren Sørensen, mwaka 1909, alipokuwa akifanya kazi katika maabara ya kiwanda cha bia cha Carlsberg. (Wapikaji wa pombe mtafurahi kusikia kwamba elimu hii ilitoka jikoni kwenu.) Namba 7 ni katikati. Chini ya 7 ni upande wa ndimu, juu ya 7 ni upande wa magadi. Mtunzaji wa bwawa la kuogelea hutaka maji yake yawe kati ya 7.2 na 7.8. Kwa nini ajisumbue? Kwa sababu klorini ikiwa majini hugawanyika katika hali mbili, moja kali na moja dhaifu. Maji yakiwa na pH 7.5, karibu nusu yake ni kali. Yakiwa 8.5, iliyo kali ni sehemu moja hivi katika kumi. Dawa ni ile ile, bei ni ile ile, lakini nguvu imepotea.

Visima vingi vya upande wa mbuga vina magadi. Mnavijua bila kipimo: sufuria hufanya ukoko mweupe. Mwenye kutaka kujua zaidi anunue karatasi za kupimia pH. Asiyezipata achemshe maua makavu ya rozela, ile choya ya kutengenezea juisi, aache yapoe, atie matone machache katika kikombe cha maji. Yakibaki mekundu, maji yana uchachu. Yakielekea kijani, yana magadi. Kipimo hiki si cha maabara, lakini chatosha kuonya.

Maji yakiwa ya magadi, ngoja zaidi baada ya kutia klorini: saa nzima badala ya nusu. Au yachanganye nusu kwa nusu na maji ya mvua ya bati. Tena kumbuka kwamba shabu yenyewe hupunguza magadi, hivyo maji yaliyosafishwa kwa shabu yamekwisha kusogea upande unaotakiwa. Lakini upo upande wa pili. Maji ya mvua yaliyopita juu ya udongo kwa muda mfupi tu huwa na magadi machache mno, na shabu ikiyakuta hayo, mabonge hayafanyiki, maji yanakuwa machachu na bado ni machafu. Ukiona chupa zako zote tano zimebaki na tope, tia chembe za magadi kwenye ncha ya kisu katika kila chupa, ujaribu tena. Mara nyingi hilo ndilo lililokuwa limepungua.

Nawaonya jambo moja. Usimimine ndimu, siki wala asidi yoyote katika chupa ya dawa ya klorini ukidhani unaisawazisha. Hutoka hewa ya sumu inayounguza mapafu. Tunasawazisha maji ndani ya ndoo. Dawa ndani ya chupa yake tunaiacha kama ilivyo.

Tufike kwenye klorini yenyewe. Kazi hii ilianza kwa maji ya miji: katika Uingereza mji wa Lincoln ulianza kuitumia mfululizo mwaka 1905 baada ya homa ya matumbo, na Marekani mji wa Jersey City ulifuata mwaka 1908. Sisi twaipata kwa namna mbili. Kuna vidonge na chupa ndogo zilizotengenezwa kwa maji ya kunywa. Hizo fuata maandishi yake, usiongeze wala usipunguze. Na kuna dawa ya maji ya kung'arisha nguo nyeupe. Hiyo yafaa ikiwa tu haina manukato, rangi wala sabuni. Soma asilimia iliyoandikwa, kisha gawanya 4 kwa namba hiyo: jibu ni mililita za kutia katika ndoo ya lita 20. Ikiwa imeandikwa 3.5, basi 4 gawanya kwa 3.5 ni 1.1. Mililita moja na kidogo tu! Pima kwa bomba la sindano, koroga, funika, ngoja nusu saa.

Kisha nusa. Lazima usikie harufu ndogo ya dawa. Usipoisikia, imeliwa, tia kipimo kile kile mara ya pili, ungoje tena. Usipoisikia hata safari hii, maji hayo yana uchafu mwingi mno, yarudishe kwenye shabu. Harufu ikiwa kali ya kuchoma pua, umezidisha. Acha ndoo wazi kivulini ukiifunika kwa kitambaa tu, itapungua.

Chupa iliyokaa duka la juani miezi mingi imepoteza nguvu hata kama muhuri haujakatwa. Tazama tarehe. Na tafadhalini sana, akina baba, hasa wakulima wa pamba: dumu lililowahi kuwa na sumu ya pamba lisichotewe maji kamwe, hata likioshwa mara kumi kwa sabuni na mchanga. Litoboe. Klorini huua vijidudu, haiondoi sumu ya shambani.

Najua yako maneno mitaani kwamba dawa ya maji inaharibu uzazi. Wanaosema hivyo si wapumbavu. Wameletewa kitu chenye harufu ngeni na hakuna aliyekaa nao kuwaeleza. Jibu langu ni hili: miji mikubwa ya dunia imekunywa maji yenye klorini kwa zaidi ya miaka 100, na watoto wamezaliwa humo kwa mamilioni. Uharibifu ninaoujua ni wa kuhara. Kipindupindu chaweza kumwua mtu mzima kwa saa chache kwa kumkausha maji mwilini. Akipatwa mtu, apewe mara moja maji yenye chumvi na sukari, lita moja ya maji safi kwa vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, huku akipelekwa hospitali.

Wengine watauliza kwa nini nisiseme “chemsheni” nikamaliza. Mwaka 1973, katika kampeni ya redio iliyoitwa Mtu ni Afya, watu wapatao milioni mbili walikaa katika vikundi kama chenu, na kuchemsha maji kulikuwa miongoni mwa mafundisho yake. Kuchemsha bado ni njia bora. Huua hata vijidudu vichache ambavyo klorini haiviwezi. Mwenye kuni na achemshe. Lakini sehemu nyingi za Usukuma zilikatwa miti tangu enzi za vita dhidi ya mbung'o, na leo mama apikaye kwa mabua ya pamba na samadi kavu hana moto wa kuchemsha ndoo mbili kila siku. Kumwambia achemshe, kisha kuondoka, si kumfundisha.

Limebaki jambo ambalo kusawazisha hakuliwezi. Baadhi ya visima, na Meatu inajulikana sana kwa hili, vina madini ya floridi kupita kiasi. Shirika la Afya Duniani limeweka mpaka wa miligramu 1.5 kwa lita. Yakizidi, meno ya watoto huota na madoa ya kahawia, na yakizidi sana kwa miaka mingi mifupa hupinda. Klorini haigusi floridi. Kuchemsha huizidisha, maana maji hupungua na madini hubaki. Huko Ngurdoto, Arusha, kuna kituo cha serikali kilichochunguza kuiondoa kwa mkaa wa mifupa, lakini kwa nyumba ya kawaida dawa ya kweli ni bati na tangi. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya bati ni lita moja. Bati la mita 30 za mraba, mvua ya milimita 700 kwa mwaka, ni lita 21,000. Ukipoteza robo, zimebaki zaidi ya 15,000. Maji hayo wapewe kwanza watoto ambao meno yao ya ukubwani hayajaota. Mvua ya kwanza ya msimu iache ioshe bati, usiikinge.

Mradi wa kuleta maji ya Ziwa Viktoria katika mkoa huu ulikubaliwa na Mfuko wa Tabianchi wa Kijani mwaka 2017. Bomba likifika mlangoni pako, mtambo wa maji utafanya kwa niaba yako haya niliyoyaeleza. Hata hivyo maji hayo nayo yakikaa siku tatu ndani ya ndoo isiyofunikwa, na kila mtu akachovya kikombe chake, utarudi kunusa.

Kazi ya kikundi kabla ya somo lijalo: kila nyumba tatu zichote maji mahali pamoja, zifanye jaribio la chupa tano, zilete namba zao. Waliochota lambo moja walinganishe. Namba zikitofautiana sana, ulizaneni nani alitikisa kwa nguvu mpaka mwisho, na nani alichota karibu na mahali ng'ombe wanaponywea. Zileteni hata kama hazikupendeza; tutaanzia hapo.